Meli ya JOIDES Resolution kwa macho ya wachorongaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ukimkabidhi mchorongaji wa Chunya kore, yaani mche wa tope au mwamba, iliyotoka chini ya bahari, macho yake yataenda kwanza kwenye unene. Kore ya tope ya JOIDES Resolution, meli ya kisayansi ya kuchoronga sakafu ya bahari, ina kipenyo cha milimita 62 hivi, karibu sawa na kore ya saizi ya HQ, yenye milimita 63.5, inayotolewa kwenye mashimo ya dhahabu ya Lupa. Lebo ipo, alama ya juu na ya chini ipo, kila kipande kina namba. Kazi ni ileile, ila juu ya shimo kuna kilomita tatu au nne za maji na mtambo wenyewe unaelea.

Tathmini hii ni ya wachorongaji, mafundi wa maabara na wanafunzi wa jiolojia wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Meli imestaafu. Safari yake ya mwisho ya kisayansi, namba 403, iliisha Agosti 2024 baada ya kazi katika mlango wa bahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard. Lakini kore zake zimehifadhiwa, zinaombwa na kutolewa hadi leo, na asiyejua zilivyotolewa atazisoma vibaya. Hukumu yetu tunaitoa mapema: kwa tope laini meli hii haina mpinzani, kwa mwamba mgumu inashindwa na rigi ya kawaida yenye biti (kichwa cha kukatia) ya almasi, na kwa huduma ya sampuli na takwimu baada ya safari, tunaipa alama zote.

Chombo chenyewe kiliundwa Halifax, Kanada, mwaka 1978, kwa kazi ya kutafuta mafuta. Kilibadilishwa mwaka 1984 na Januari 1985 kikaanza kazi ya sayansi, kikirithi nafasi ya meli ya Glomar Challenger iliyochoronga kuanzia 1968 hadi 1983. Kina urefu wa mita 143 na upana wa mita 21. Mnara wa kuchorongea unasimama mita 61.5 juu ya maji. Katikati ya meli, chini ya mnara, kuna tundu la wazi lenye upana wa mita 7 linalopita mpaka baharini, na bomba hushushwa humo.

Swali ambalo kila mchorongaji wa nchi kavu huuliza ni hili: inakaaje juu ya shimo bila nanga? Kuna propela 12 za pembeni, mbali na zile kuu za nyuma. Kompyuta husoma mahali meli ilipo kwa satelaiti na kwa kifaa cha mlio kilichowekwa kwenye sakafu ya bahari, kisha huamuru propela zisukume kinyume cha upepo na mkondo. Kwenye maji ya kilomita nne, meli ikisogea mita kumi bomba halihisi kitu. Kwenye maji mafupi mita zilezile kumi hulipinda bomba kwa pembe kali pale linapoingia ardhini, na kamba hukatikia pembamba. Kwa sababu hiyo meli hii haikufaa kazi ya karibu na ufukwe, na waliotaka kuchoronga kwenye maji mafupi walitumia majukwaa yenye miguu, kama ilivyofanyika mwaka 2016 kwenye kreta ya Chicxulub, Meksiko.

Kushusha bomba peke yake ni zamu nzima. Vipande vitatu vya bomba, kila kimoja mita 9.5 hivi, huunganishwa kuwa fungu la mita 28.5. Kufika sakafu iliyo kina cha mita 4,000 unahitaji mafungu 140, na muda unaopita ni zaidi ya saa nane kabla ya kugusa tope. Mlima Rungwe una mita 2,960 juu ya usawa wa bahari; bomba hilo linauzidi kwa zaidi ya kilomita moja, nalo linaning'inia kwenye mnara mmoja. Biti ikichakaa, au chombo cha chini kikihitaji kubadilishwa, bomba lote hupandishwa na kushushwa tena. Ili kurudi kwenye shimo lilelile, faneli kubwa ya chuma huwekwa kwenye mdomo wa shimo, na kamera hushushwa kando ya bomba ili mchorongaji aone anapolenga.

Tuje kwenye tope, maana hapa ndipo meli ilipojijengea jina. Kifaa chake cha tope laini hakizungushwi kabisa. Bareli, yaani bomba la kupokelea kore, ya mita 9.5, yenye bomba la plastiki angavu ndani, hushushwa katikati ya bomba la kuchorongea mpaka ikae mahali pake karibu na biti. Pampu husukuma maji ya bahari kwa nyuma. Shinikizo hupanda wakati bareli imezuiwa na pini za chuma. Likifika kiwango chake pini hukatika, na bareli hufyatuka na kuzama kwenye tope mita 9.5 kwa sekunde chache. Ndani kuna pistoni isiyosogea ambayo hulizuia tope lisisukumwe wala kubanwa linapoingia. Kisha waya wa winchi huivuta bareli juu, biti huchoronga mita zilezile 9.5 kusafisha njia, na bareli nyingine hushuka. Tabaka zinazotoka zimelala kama zilivyolala, hata mstari wa majivu wenye unene wa ukucha unaonekana.

Kifaa hiki hufika mwisho wake kwa njia mbili. Tope likikauka na kuwa gumu, bareli haiingii mpaka mwisho, na shinikizo hubaki juu badala ya kushuka. Au huingia vizuri lakini haichomoki, na nguvu ya kuvuta hukaribia pauni 100,000, yaani tani 45. Hapo mchorongaji mwenye busara habishani nalo. Hubadilisha kwenda bareli fupi ya mita 4.7, kisha bareli inayozunguka yenye kisu kinachotangulia mbele ya biti.

Sasa kasoro za kore hizi, ambazo anayesoma takwimu akiwa Mbeya lazima azijue. Juu ya kila kore huwa kuna tope lililoporomoka kutoka ukutani mwa shimo. Sentimita kadhaa za kwanza zitazame kwa shaka. Bareli isipoingia yote, tope la chini hunyonywa wakati wa kuvuta, na mistari husimama wima badala ya kulala. Pembeni, kwenye ngozi ya plastiki, tope huburutwa kutoka tabaka moja hadi nyingine, kwa hiyo sampuli huchukuliwa katikati. Bareli inayozunguka nayo hukatakata tope gumu kuwa visahani kama biskuti, na kati ya biskuti na biskuti hujaa uji wa kuchorongea. Mwanafunzi anayehesabu biskuti hizo kama tabaka za asili amekwisha potea.

Kasoro nyingine huwashangaza wengi: utakuta kore imeandikwa imepatikana asilimia 104. Haikuongezwa kitu. Tope lililokuwa limebanwa chini ya maji mengi hupumua likifika juu, na gesi iliyomo hupanuka. Kwa upande wa pili, hata kila kore ikiwa imejaa, kati ya kore moja na inayofuata karibu daima kuna pengo. Tiba yake ni kuchoronga shimo A, B na C makumi ya mita kutoka moja hadi jingine, huku kina cha kuanzia kikipishanishwa ili pengo la A liangukie katikati ya kore ya B. Kisha mistari ya usumaku na rangi hulinganishwa na kuunganishwa kuwa mfululizo mmoja. Kwa bajeti ya shimo la dhahabu, kurudia shimo mara tatu ni jambo lisilowezekana. Kwa historia ya hali ya hewa, bila kulifanya umepoteza maelfu ya miaka.

Utaratibu wa kupokea kore ndio tunaotamani uigwe huku kwetu zaidi ya jambo jingine lolote. Bareli ikifika juu hutangazwa, na mafundi watano au sita hulibeba bomba la plastiki la mita 9.5 begani mpaka kwenye kijia cha pembeni. Hapo hapo hupimwa na kukatwa vipande vya mita 1.5. Kila kipande huzibwa: kifuniko cha buluu juu, cheupe au angavu chini, na cha njano pale ambapo mche mzima umechukuliwa kwa ajili ya kukamua maji yaliyomo kwenye tope. Vifuniko hugandishwa kwa asetoni. Rangi hizo zinaondoa kosa linaloua kazi nyingi, la kipande kugeuzwa chini juu. Kwenye vibanda vyetu vingi alama hiyo hutegemea kalamu na kumbukumbu ya mtu mmoja, na mvua ya Machi inatosha kuifuta.

Kwenye kijia hichohicho huchukuliwa kijipande cha tope kwa ajili ya kupima gesi, na hili ni suala la uhai. Meli hii haina bomba la nje la kurudisha matope juu wala vali kubwa za kuziba kisima. Maji ya bahari husukumwa chini, na vumbi la mwamba hutapakaa kwenye sakafu ya bahari. Wakigonga gesi yenye msukumo hakuna cha kuizuia, kwa hiyo uwiano wa methani kwa ethani hufuatiliwa kore kwa kore, na ukishuka vibaya shimo hufungwa. Meli ya Kijapani ya Chikyu, yenye urefu wa mita 210, ndiyo iliyoundwa na bomba hilo la nje na vali hizo.

Baada ya hapo vipande hulazwa saa kadhaa vipate joto la chumba, maana kipande baridi huharibu vipimo vya kasi ya sauti na vya ukinzani wa umeme. Hupitishwa vikiwa vizima kwenye mashine ya kupima uzito wa tope, usumaku na mnururisho wa asili. Kisha hupasuliwa kwa urefu, tope kwa waya na mwamba kwa msumeno. Nusu moja ni ya kumbukumbu: hupigwa picha, huelezwa, na kwa kawaida haiguswi. Nusu ya pili ni ya kazi, na sampuli hutoka humo. Zote huhifadhiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi.

Kwenye mwamba mgumu alama zetu zinashuka sana. Biti yake ya kawaida ni ya koni nne zinazoviringika, zenye meno ya kabaidi, nayo huchoka baada ya kuzungushwa takriban saa 50. Kore hutoka na kipenyo cha milimita 58 hivi, na katika basalti iliyopasuka si ajabu kupata chini ya nusu ya mita ulizochoronga. Sababu ni mbili. Koni hugonga na kuponda mahali ambapo almasi ingekata taratibu. Na meli hupanda na kushuka na mawimbi: kuna kifaa mnarani cha kufidia mwendo huo, lakini uzito unaofika kwenye biti bado huyumba, biti huruka na kudunda, vipande huvunjika na kukwama mdomoni mwa bareli, na kinachofuata husagwa. Mchorongaji wa Chunya aliyezoea kupata zaidi ya asilimia 95 ana haki ya kutikisa kichwa. Hata hivyo isemwe kwa haki kwamba mwaka 2023, katika Atlantiki, meli hii ilitoboa mita 1,268 za miamba iliyotoka kwenye joho la dunia, tabaka lililo chini ya ganda, na kupata zaidi ya asilimia 70. Mwamba ule ulikuwa umelainishwa na maji ya bahari na kuwa serpentini, na hilo lilisaidia.

Bomba kukwama kunatokea, na chanzo kikubwa ni mchanga. Maji ya bahari peke yake hayawezi kushikilia ukuta wa mchanga. Pampu ikisimama dakika chache, mchanga huanguka na kulizika bomba. Ndiyo maana kila baada ya mita kadhaa husukumwa matope mazito ya kufagia shimo. Yakishindwa yote, vilipuzi hushushwa ndani ya bomba kwa waya, bomba hukatwa, na kilicho chini huachwa hukohuko milele.

Maisha ndani ya meli yanaelezwa haraka. Safari ilikuwa miezi miwili, watu kati ya 120 na 130, zamu ya saa 12 kila siku bila Jumapili: saa sita mchana hadi saa sita usiku, au kinyume chake. Vyumba ni vidogo, vitanda vya juu na chini, na wakazi wa chumba kimoja huwekwa zamu tofauti ili mmoja alale mwenzake akiwa kazini. Chakula hupakuliwa mara nne: saa kumi na moja alfajiri, saa tano asubuhi, saa kumi na moja jioni na saa tano usiku, kila mara kwa saa mbili, ili zamu zote zipate mlo wa moto kabla na baada ya kazi. Nguo hufuliwa na wahudumu, daktari yupo, pombe haipo. Buti za chuma, kofia ngumu na miwani ni lazima sitahani. Kichefuchefu cha bahari huwapata wengi siku za mwanzo. Dawa humezwa kabla bahari haijachafuka, maana ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Kwa aliyelelewa na baridi ya Makete au Mufindi, kipupwe cha maabara hakitamsumbua. Kitakachomsumbua ni kelele ya propela pale upepo unapoongezeka.

Nafasi za wanasayansi ziligawiwa kwa nchi zilizochangia gharama. Kuna mlango mwingine usiojulikana sana: sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa inaipa nchi ya pwani haki ya kushiriki utafiti unaofanyika ndani ya maji yake, ikiwa ni pamoja na kuweka mtu wake melini inapowezekana. Kuanzia mwaka 2025 Japani na nchi za Ulaya zinaendesha mpango mpya wa pamoja, na China ilizindua meli yake ya kuchoronga, Mengxiang, Novemba 2024. Tanzania ina pwani ndefu. Mtu wa kukaa kwenye kiti hicho anaweza kutoka Mbozi au Tukuyu kama amejiandaa.

Kwa hapa kwetu lipo pia jambo la karibu zaidi. Mwaka 2005, kwenye Ziwa Nyasa, tishari liitwalo Viphya liligeuzwa kuwa chombo cha kuchoronga: likatobolewa katikati, likasimikwa mnara na kufungwa propela za kulikalisha mahali pamoja. Lilichoronga upande wa Malawi, kwenye maji ya mita 592, na kuingia mita 380 chini ya sakafu ya ziwa. Jumla ya kore ilikuwa mita 623 katika vituo viwili. Maji ya chini ya ziwa hayana oksijeni, kwa hiyo hakuna mdudu wa kuvuruga tope, na tabaka zimesimuliwa kwa usafi ambao bahari yenyewe haiupati mara nyingi. Humo mna majivu ya volkano za Rungwe. Mna majivu ya volkano ya Toba ya Indonesia, yaliyoripotiwa mwaka 2013. Na mna ushahidi wa ukame mkali kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, wakati ziwa liliposhuka mamia ya mita. Mtu aliyesimama ufukweni Matema apige picha hiyo akilini. Kore hizo ziko Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na kwa gharama ndogo kulinganisha na meli kubwa, Viphya inastahili sifa zaidi ya inazopewa Kyela.

Huduma ya kore za bahari ina ghala tatu: Bremen nchini Ujerumani, College Station huko Texas, na Kochi nchini Japani. Kore za Bahari ya Hindi ziko Kochi. Humo zimo zile za Glomar Challenger za mwaka 1972 zilizotoka mbele ya pwani ya Afrika Mashariki, na za Safari 361 ya mwaka 2016, kituo U1476 kwenye mgongo wa Davie ulio chini ya bahari na kituo U1477 karibu na mdomo wa Zambezi. Maji ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufika huko kupitia Nyasa na Shire, ingawa tope lao zito hubaki ziwani. Mwaka wa kwanza baada ya safari sampuli ni za waliokuwemo melini. Baada ya hapo mtafiti yeyote, wa nchi yoyote, anaruhusiwa kuomba, na sampuli hazilipiwi. Picha, vipimo na ripoti ziko wazi kwenye intaneti.

Ombi hukataliwa zaidi kwa kuandikwa vibaya. Jifunze lebo: 361-U1476A-5H-3W, 40–42 maana yake ni safari 361, kituo U1476, shimo A, kore ya tano, H kwa bareli ya pistoni (X ni ile ya kisu kinachotangulia, R ni ya mwamba mgumu), kipande cha tatu, nusu ya kazi, sentimita ya 40 hadi 42 kutoka juu ya kipande. Angalia aina ya kina unachonakili, kwani kina cha shimo na kina cha mfululizo uliounganishwa hutofautiana kwa mita kadhaa ukishuka chini. Tazama picha ya kipande kabla ya kukichagua, uepuke sehemu iliyovurugika au iliyokwisha chukuliwa. Taja kipimo utakachofanya na maabara utakayotumia, ukijua kwamba ndani ya miezi 36 unadaiwa chapisho au ripoti. Na usiombe kipande kizima: sentimita za ujazo 10 kwa kila sampuli zinatosha kwa visukuku vidogo na kemia ya kawaida, na msimamizi wa ghala huzitoa bila mjadala mrefu.